Miwani ya Bi Albina

Mtu akiniuliza Bi Albina Mikulenka ni mtu wa namna gani, huwa sijui nianzie wapi. Nikianza na kolachi zake, zile keki laini za chachu zenye jamu katikati, watu wanadhani ni bibi wa kuchekacheka tu na kubusu watoto. Nikianza na bastola, wanadhani ni jambazi. Nimefanya naye kazi miaka mingi kwenye duka lake la mikate hapa Kostalek, mimi nikikanda unga, yeye akioka na kugombana na wateja. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na hasira zake ni kama mvua za Texas: zinanyesha, zinakauka, na unasamehewa kabla hujajua kosa lako.

Udhaifu wake ni miwani. Jasho likimtoka mbele ya oveni anaivua, anaiweka popote mkono ulipofika, halafu anatushambulia sote kwamba tumeiba. Tumewahi kuikuta ndani ya friji. Tumeikuta juu ya tangi la choo mara zisizo na idadi. Siku moja niliikuta ndani ya donge la unga nilipokuwa nalikanda, nikapiga kelele nikidhani ni mdudu.

Mtafutaji mkuu wa miwani alikuwa mjukuu wake, Tillie, mtoto ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota upya. Kila Jumamosi mama yake, Darla, alikuwa akiendesha gari kutoka Houston anakofundisha shule ya msingi, wanakuja kushinda dukani. Tillie hakusalimia mtu. Alipitia uvunguni mwa meza, jikoni, chooni, mpaka atokee ameinyanyua miwani juu kwa mikono miwili.

"Bibi, umesahau tena!"

"Mungu wangu, mtoto huyu! Bila yeye ningekuwa kipofu. Haya, Tencha, mpe mshahara wake."

Tencha ni mimi. Mshahara ulikuwa kolachi moja ya aprikoti, ya moto, na aliila pale pale amesimama, jamu ikimchuruzika kidevuni. Bi Albina alipenda mkate kuliko watu wengi, lakini alimpenda Tillie kuliko mkate. Baada ya mumewe Alvin kufariki, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kuishi. Siku nyingine alikuwa anaoka tu.

Sasa hiyo bastola. Ilikuwa ya Alvin. Asubuhi moja, zamani, mtu aliingia dukani na bunduki, akampiga Alvin kichwani kwa kitako chake, akabeba droo nzima ya fedha akaondoka nayo. Polisi walitoka mji wa wilaya, na walipofika Alvin alikuwa ameshafunga kichwa kwa kitambaa cha meza na anatengeneza kahawa. Tangu hapo bastola ikakaa chini ya kaunta. Alvin alipokwenda zake, Bi Albina akaihamishia kwenye mfuko wa ndani wa aproni. Leseni anayo, shabaha anayo. Baba yake alimfundisha kulenga kabla hajamfundisha kukamua ng'ombe, na nguruwe mwitu waliokuwa wanafukua shamba lao la mahindi walikuwa wanamjua kwa jina.

Basi, ile Januari sheria ya Texas ikabadilika: mwenye leseni akaruhusiwa kuvaa bastola nje nje, kiunoni, kila mtu aione. Bi Albina akaja kazini na mkanda wa Alvin juu ya aproni, ala ya ngozi imening'inia ubavuni, unga umeipaka weupe. Nilibaki mdomo wazi.

"Unaniangalia nini, Tencha?"

"Naangalia kama leo tunauza mikate au tunakwenda vitani."

"Tunauza mikate. Anayetaka vita aone mapema kwamba hapa hakuna nafasi."

Wazee wa meza ya dirishani walimpigia makofi. Walikuwa watatu, kila asubuhi wanacheza dhumna na kunywa kahawa mpaka ninaona aibu kwa niaba yao: Milton Hajek, fundi seremala mstaafu, ambaye hakosi futi ya chuma mfukoni, Emil, anayekubali kila kitu, na Laddie, asiyekubali chochote. Wote walikuja na zao viunoni. Viti vyangu vya mbao vikaanza kupata mikwaruzo.

"Dawa ya moto ni moto," alisema Milton, akigonga dhumna. "Jambazi akichungulia dirishani akiona hivi, anageuza pikapu."

"Akichungulia hapa ataona wazee watatu wamelala," nilimjibu.

"Tencha, wewe kanda unga."

Darla alipoiona bastola hiyo Jumamosi ya kwanza, alisimama mlangoni na mtoto mkononi asiingie. Si kwamba aliogopa. Darla mwenyewe anapiga risasi vizuri kuliko hao wazee, mama yake alimfundisha. Lakini shuleni kwake wanafundisha watoto kujificha chini ya meza na kuziba midomo, mtu mwenye bunduki asije akawavamia na kuwasikia, na mwaka ule alikuwa na darasa la watoto wa umri wa Tillie.

"Mama, kwenye mfuko sikusema neno. Sasa umeitundika kama ufunguo wa stoo. Na mtoto anaizoea."

"Aizoee. Mtu anayeizoea haichezei. Wewe uliichezea?"

"Mimi nilikuwa naiona imefungwa kabatini."

"Darla, sheria imeniruhusu, na baba yako alivuja damu hapa ulipokanyaga. Unataka niseme nini?"

Wiki iliyofuata Darla akaja na kibao. Sheria ile ile inampa mwenye duka haki ya kuzuia bastola za kuonekana, ila lazima abandike maneno maalumu, Kiingereza na Kihispania, kwa herufi za inchi moja. Kibao alikuwa amekitengeneza mwenyewe shuleni, akaniomba mimi, niliyekulia Kihispania, nisome ule upande kama uko sawa. Ulikuwa sawa. Milton alinyanyuka polepole, akatoa futi yake, akapima herufi moja moja mbele ya duka zima huku Emil akishikilia kahawa yake.

"Pungufu," akatangaza. "Hii si sheria, hii ni mapambo."

Duka likacheka. Hata Bi Albina alicheka, na hapo ndipo nilipomwona Darla anabadilika sura.

"Cheka, mama. Lakini nakwambia, siku nikiona jambo moja tu linalonitisha, Tillie hakanyagi hapa tena. Na sitapima kwa futi."

Alikiacha kibao kwenye kaunta. Mama akakisukuma nyuma ya pipa la unga, akanipigia kelele kwamba oveni imepoa, na haikuwa imepoa.

Nitasema ukweli, tulizoea. Ubaya wa kitu hicho ndio huo. Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kupita ubavuni kwake bila kuangalia ile ala. Kufika Machi nilikuwa naona unga tu. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na mimi nikawa nakanda mkate pembeni ya taabu nikiimba. Tillie naye alikuwa anamkumbatia bibi yake kiunoni, shavu lake kwenye ngozi ya mkanda, bila hata kupepesa jicho. Lakini msidhani bibi alikuwa mzembe. Alimkalisha mtoto kwenye gunia la sukari akamfundisha mpaka akakariri.

"Ukiona bunduki ya mtu?"

"Sigusi."

"Halafu?"

"Naondoka. Namwambia mtu mzima."

"Mjukuu wangu huyo! Milton, umesikia? Hata wewe hujui hayo."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Oda zilikuwa nyingi, tumechelewa, na Bi Albina alikuwa amebana haja tangu alfajiri. Mwishowe akakimbia msalani. Sasa fikiria mwanamke mwenye aproni, na juu ya aproni mkanda, na kwenye mkanda bastola. Hawezi kukaa bila kufungua vyote. Alipokuwa humo kengele ya oveni ikalia. Akatoka mbio, anafunga kamba za aproni huku anakwenda, akachomoa sinia, akaanza kutupigia kelele kwamba tumeacha mikate ya watu iungue. Aproni ilikuwa imelegea, imefunika kiuno chote. Hakuna aliyetazama.

Darla alikuwa amevuka barabara kwenda kununua dawa. Tillie alikuwa ameanza msako wake. Nilimsikia akiufungua mlango wa choo, ule unaolia, na nikasema moyoni, haya, miwani imepatikana.

Alitoka ameinyanyua juu kwa mikono miwili.

Haikuwa miwani.

Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko na sikuweza kushusha mikono. Mtoto mdogo, gauni la njano la Pasaka, meno hayapo, na kile chuma cheusi kimemzidi mikono, mtutu wake unayumba: mara dari, mara friji, mara mimi. Pale mezani wazee watatu, wote kwa pamoja kama waliopangwa, walijipapasa viunoni. Nitakufa na picha hiyo. Kila mmoja akiomba Mungu isiwe yake. Milton aliigusa yake, nikamwona anapumua, kisha nikamwona anaona haya kwa kupumua kule.

Bi Albina hakujipapasa. Alikuwa ameshika sinia la moto, na alikuwa ameshajua, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama yeye, anacheka.

"Bibi, umesahau tena!"

Bi Albina alishusha sinia, taratibu mno, sijawahi kumwona anafanya kitu taratibu vile. Uso ulikuwa mweupe kama unga, lakini sauti yake ilikuwa ya kila siku.

"Asante, mama. Nimesahau kweli. Sasa iweke hapo chini kwenye sakafu. Usiguse tena. Mdomo wake uangalie ukuta. Hivyo hivyo. Sasa iache, njoo kwa bibi."

Tillie aliilaza chini kwa uangalifu wote wa duniani, kama mtu anayelaza yai. Akaja. Akanyoosha mkono.

"Mshahara wangu?"

Watu wangu, bibi alimpa. Alichukua kolachi ya aprikoti kwenye sinia kwa mkono mtupu, ya moto vile vile, akampa, akakaa chini sakafuni. Nikaruka nikaichukua bastola, nikaitoa risasi. Zilikuwemo zote.

"Tillie," bibi yake akauliza, bado yuko chini, "tulisema nini? Ukiona bunduki ya mtu?"

"Sigusi."

"Mbona umegusa?"

Mtoto alimshangaa, mdomo umejaa.

"Hii si bunduki ya mtu, Bibi. Ni yako."

Jibu hilo lilinitisha kuliko ile bastola yenyewe. Mtoto hakukosea. Alikuwa ameona ile ala Jumamosi baada ya Jumamosi kwenye kiuno anachokikumbatia, na kwake ilikuwa kitu cha bibi, kitu ambacho bibi husahau chooni na yeye humrudishia.

Milton alikohoa. Akasema kwa sauti ya chini, bila kututazama:

"Hakuna aliyeumia. Sisi tulikuwa tunacheza dhumna. Hatujaona kitu. Au vipi, Emil?"

"Hatujaona kitu," Emil akasema.

"Mimi nimeona," Laddie akasema, "lakini naweza kusahau."

Walimaanisha wema, na wakati ule mimi pia niliutaka. Sote tulijua maneno ya Darla. Bi Albina alituangalia mmoja mmoja, na kengele ya mlango ikalia. Darla aliingia na mfuko wa dawa, akamwona mwanawe na jamu kidevuni, akatabasamu.

"Enhee! Leo miwani ya bibi ilikuwa wapi?"

"Leo si miwani," Tillie akasema.

Dhumna zilikuwa mezani, hakuna aliyezigusa. Bi Albina alishika ukingo wa kaunta akajivuta mpaka akasimama.

"Subiri, Darla. Mtoto asiseme. Nitasema mwenyewe."

Na akasema. Hakupunguza hata neno: choo, mkanda, kengele, mikono miwili juu, kolachi. Alipofika kwenye "ni yako" akainamisha uso, akamalizia. Nilimngoja Darla apige kelele. Heri angepiga. Alikuja akampapasa mtoto kichwa, mabega, mikono, kama anayetafuta jeraha, akambeba juu ingawa amekuwa mzito, akatoka. Tillie alilia kwa sababu kolachi yake ilianguka mlangoni. Kilio hicho tulikisikia mpaka gari lilipoondoka.

Bi Albina alioka oda zote za Pasaka siku ile. Sijui kwa nguvu gani.

Jumatatu alikuja bila mkanda. Milton alivumilia kikombe kimoja cha kahawa, akashindwa.

"Albina, sikiliza. Usitupe haki yako kwa ajali ambayo haikutokea."

"Haki yangu sijaitupa. Iko nyumbani kwenye sefu, na nguruwe wakija nitaitoa. Nilichotupa ni kujidanganya kwamba nina akili ya kuivaa huku naoka."

"Basi tatizo si bastola. Tatizo ni usahaulifu."

"Sawa. Nani hapa si msahaulifu? Juzi ulitia chumvi kwenye kahawa ukainywa ukasifu."

Emil alicheka, akaacha alipoona hakuna mwingine anayecheka. Laddie alisema kwamba leo ni mkanda, kesho atanyang'anywa hata kisu cha kukatia nyama, na kwamba Alvin angeona aibu. Nilidhani Bi Albina atamrushia sinia. Alimwambia tu:

"Alvin angekaa pale sakafuni pamoja nami."

Kisha akaenda nyuma ya pipa, akatoa kile kibao cha Darla, akakifuta unga, akakibandika mlangoni kwa utepe wa gundi. Laddie alisimama, akalipa, akaenda kunywa kahawa kituo cha mafuta, na hajarudi. Milton naye alisimama. Alitoa futi yake ya chuma. Tukamwangalia. Akapima herufi ya kwanza, akapima ya pili, na sote tulijua jibu kwa sababu alishalitoa Januari. Aliikunja futi, akairudisha mfukoni.

"Zimetosha," akasema.

"Zimetosha wapi, Milton? Wewe si ulisema—"

"Emil, angalia dhumna zako."

Akatoka mpaka kwenye pikapu yake, akafungia bastola ndani, akarudi akaagiza kahawa. Mimi nikamtilia sukari kabla hajafikia chumvi.

Jumamosi ile Darla hakuja, wala iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Bi Albina hakumpigia simu kumbembeleza. Alisema hana uso. Miwani aliifunga uzi akaitundika shingoni, isipotee tena, na ingawa mimi ndiye niliyemshauri hivyo siku zote, nilichukia kuiona pale. Kila Jumamosi alikuwa anatenga kolachi moja ya aprikoti juu ya oveni iwe ya moto. Jioni alikuwa anaila mwenyewe amenipa mgongo.

Ilikuwa joto limeshapanda, milango iko wazi, gari la Darla liliposimama mbele ya duka. Alishuka na mtoto. Akasimama mlangoni akasoma kibao chake mwenyewe kama hajawahi kukiona, akamtazama mama yake kiunoni, akatutazama viunoni sisi wengine wote. Ndipo akaulegeza mkono wa Tillie.

Mtoto alikuja mbio, akasita alipofika kwa bibi yake. Aliutazama ule uzi.

"Umeifunga?"

"Nimeifunga, mama. Sipotezi tena."

"Sasa mimi nitakutafutia nini?"

Bi Albina akaushika uzi, akauvua, akageuka kuelekea kwenye rafu ya viungo vya keki, na alipogeuka tena alikuwa hana kitu mikononi.

"Kwani miwani yangu iko wapi?" akauliza kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe. "Tencha! Milton! Nani kaiba miwani yangu?"

Tillie alipiga ukelele wa furaha, na bila kufikiri akakimbilia mahali anapoanzia siku zote. Mlango wa choo ukalia. Akapotea humo ndani.

Nilijua hamna kitu. Nilikuwa nimesafisha mwenyewe asubuhi. Hata hivyo mikono yangu ilisimama hewani na unga wake. Milton alikuwa ameinua dhumna aigonge mezani, hakuishusha. Darla alikuwa ameshika fremu ya mlango. Bi Albina alikuwa amefumba macho, midomo inasogea, na humo chooni tulisikia kifuniko kikifunguliwa, kikafungwa, na viatu vidogo vikigeuka.

Mtoto akatoka, mikono mitupu, ameiinua juu tuione.

"Humu hamna kitu!"

Akapita kwenda kutafuta kwenye magunia. Darla alivuta kiti, akakaa.